Yai la Fabergé na mizani ya sonara

Miaka kadhaa kabla ya 2012, Mmarekani mmoja aliyekuwa akinunua na kuuza dhahabu chakavu aliona yai dogo la dhahabu kwenye soko la vitu vikuukuu. Lilikuwa na mbavu mwili mzima, limesimama juu ya kigoda cha miguu mitatu yenye nyayo za simba, na ukilifungua unakuta saa ya kike. Akalipima, akajumlisha dhahabu na vijiwe vilivyokuwa juu yake, akatoa kama dola 13,000. Hesabu yake ilikuwa kuliyeyusha na kubaki na faida ya dola 500 hivi. Lakini kila mnunuzi aliyempelekea aliliweka kwenye mizani na kumwambia jambo moja: umelinunua ghali, dhahabu iliyomo haifiki hapo. Yai likabaki nyumbani kwake, jikoni.

Mwaka 2012 aliingia Google, akaandika neno yai pamoja na jina lililokuwa juu ya saa ile, Vacheron Constantin. Ikamtokea makala ya gazeti la Uingereza kuhusu yai la wafalme wa Urusi lililopotea. Picha ilikuwa ya yai lake. Alipanda ndege hadi London akiwa na picha mkononi, akamwona Kieran McCarthy wa duka la vito la Wartski, naye akasafiri kwenda kulitazama kwa macho yake. Lilikuwa ndilo: yai la tatu la Pasaka ambalo Tsar Alexander III alimpa mkewe mwaka 1887. Lilipooneshwa London mwaka 2014, thamani yake ilikadiriwa kufika pauni milioni 20.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kinachonishika kila mara ni kwamba wale wanunuzi wa dhahabu hawakukosea. Mizani yao ilisema kweli. Nenda kwa sonara yeyote wa Mombasa, Unguja au Kariakoo: anaweka mkufu kwenye mizani, anataja bei ya gramu, kisha anaongeza kidogo ya ufundi. Siku ukipata shida ukamrudishia mkufu uleule, ile ya ufundi haipo tena. Atakulipa dhahabu peke yake. Ndivyo biashara ya vito ilivyo karibu dunia nzima, na kwa mtu anayeweka akiba shingoni ni utaratibu wa haki.

Mayai ya Fabergé, nyumba ya vito ya Urusi iliyolitengeneza yai lile, yamegeuza hesabu hiyo juu chini. Humo dhahabu na almasi ni kidogo, na ile ya ufundi imemeza bei yote. Anayetaka kuelewa kwa nini watu bado wanapanga foleni kuyatazama, na kwa nini matajiri wanayagombania mnadani, inabidi ajue kilichoingia ndani ya ile "ya ufundi".

Nyumba isiyo na mlango

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Kila mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili anajua jibu kabla hujamaliza kutega. Alichofanya Fabergé ni kuitia nyumba hiyo mlango, kisha akaweka kitu ndani.

Tuanze na desturi yenyewe. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Urusi hufunga Kwaresima bila nyama, maziwa wala mayai. Pasaka ikifika, mayai yaliyochemshwa na kutiwa rangi nyekundu hupeanwa pamoja na mabusu matatu. Mmoja husema "Kristo amefufuka", mwenzake hujibu "Hakika amefufuka". Maskini alitoa yai la kuku, mwenye uwezo alitoa la kauri, la jiwe au la fedha. Kwa hiyo Alexander III alipoagiza yai la thamani mwaka 1885, hakuwa anaanzisha kitu kigeni.

Aliyeagiziwa alikuwa mkewe, Maria Feodorovna, aliyezaliwa Dagmar, binti wa mfalme wa Denmark, akaja Urusi akiwa msichana wa miaka 18. Katika hazina ya wafalme wa Denmark kulikuwa na yai la karne ya 18 lenye kuku ndani. Mumewe alitaka kumkumbusha kwao. Kuna barua za Februari 1885 kati ya Tsar na ndugu yake Vladimir zinazoonesha jinsi walivyolifuatilia jambo hili: pale mwanzo walipofikiria kuweka pete ya almasi, Tsar akataka kidani cha yakuti nyekundu.

Hebu litazame kwa karibu. Urefu wake ni milimita 64, karibu sawa na yai la kuku wa kawaida. Nje ni jeupe, halina jiwe hata moja, halina nakshi. Ukilichanganya na mayai ya kweli kwenye bakuli, mtu anaweza kunyoosha mkono aanze kulimenya. Katikati kuna mstari mwembamba wa dhahabu. Unazungusha, linafunguka, na ndani kuna kiini cha mviringo, dhahabu isiyong'arishwa, yenye weupe wa vumbi kama kiini kilichochemshwa. Kiini nacho kinafunguka. Ndani yake amelala kuku wa dhahabu ya rangi kadhaa, macho yake yakuti. Kuku naye anafunguka, na ndani yake mlikuwamo taji dogo la almasi na kile kidani. Viwili hivyo vimepotea. Bei yake ilikuwa ruble 4,151.

Yaani fedha za mfalme wa Urusi zilitumika kutengeneza kitu ambacho kwa nje kinaonekana hakina thamani. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo siri ya kwanza. Kito cha kawaida kinakuonesha kila kitu mara moja. Yai hili linakufanya usubiri, uzungushe, ufungue tena, na katika kusubiri huko hata malkia mwenye kila kitu anarudi kuwa mtoto.

Maria alifurahi, na agizo likawa la kila mwaka. Fabergé aliachiwa uhuru wa kubuni, ilimradi ndani muwe na jambo la kushtukiza. Alexander alipofariki mwaka 1894, mwanawe Nicholas II aliendeleza, akawa anatoa mawili kila Pasaka: moja kwa mama yake, moja kwa mkewe Alexandra. Mwaka 1904 na 1905, wakati wa vita na Japani, hakukutolewa yai. Kwa jumla yaliyokabidhiwa ni 50: kumi ya baba, arobaini ya mwana.

Yaliyomo ndani ni simulizi tupu. Yai la mwaka 1900 lina ramani ya reli ya Siberia iliyochorwa kwa fedha, na ndani yake treni iliyokunjwa vipande: kichwa na mabehewa matano. Kuna behewa la barua, la wanawake peke yao, la wavuta sigara, la wasiovuta na la kanisa. Maandishi ya kila behewa yanasomeka ukiwa na kioo cha kukuzia. Ukiitia ufunguo wake mdogo wa dhahabu, treni inatembea.

Unga wa kioo

Watu wengi hudhani Fabergé alikaa na nyundo akayafua mayai haya. Peter Carl Fabergé, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1846 katika familia yenye asili ya Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, alikuwa mkuu wa nyumba kubwa ya biashara. Baba yake alifungua duka mwaka 1842. Yeye alilishika mwaka 1872 akiwa amesomea Ujerumani, Italia na Ufaransa. Kwa miaka alikuwa akisaidia kutengeneza vito vya kale katika jumba la makumbusho la Hermitage, na huko ndiko jicho lake lilikofunguka: aligundua kwamba mafundi wa kale walijua mambo ambayo wa zama zake walikuwa wamesahau. Baadaye aliajiri watu wapatao 500, akafungua matawi Moscow, Odessa, Kiev na London. Mayai mengi yalitoka katika karakana za mafundi wakuu waliofuatana: Erik Kollin na Henrik Wigström, wote wa Ufini, na katikati yao Michael Perchin, mtoto wa wakulima wa Karelia.

Kuna ustadi mmoja ambao ukiuelewa, umeelewa nusu ya jambo. Ni enameli. Neno lisikutishe, kwa sababu enameli umeilia chakula. Vile vikombe na sahani za bati zenye weupe na ukingo wa bluu, zinazobanduka zikianguka na kuacha doa jeusi, ni enameli: unga wa kioo ulioyeyushwa kwa moto juu ya chuma ukashikana nacho. Kanuni ya yai la Tsar ni hiyohiyo. Tofauti ni kile kilicho chini yake na idadi ya mara zilizoingia motoni.

Kwanza fundi alichukua ganda la dhahabu au fedha akalitia kwenye mashine iliyochora mistari myembamba mno: mawimbi, miale ya jua, mapambo kama maji yanayotetemeka. Wafaransa huiita giloshe. Kisha unga wa kioo wa rangi uliosagwa laini, ukachanganywa na maji, ulipakwa juu ya michoro hiyo, ukaachwa ukauke, ganda likaingizwa kwenye tanuri la nyuzijoto 700 hadi 800. Likitoka, linapakwa tena, linarudi tena. Tabaka tano, pengine sita. Kioo kikiwa kinaona ndani, mwanga unapita matabaka yote, unagonga mistari ya chuma chini, unarudi umevunjika. Ndiyo maana rangi ya yai la Fabergé huonekana kama inatoka ndani na kutembea unapogeuza kichwa. Picha ya simu haiwezi kuikamata.

Ugumu wake ni kwamba chuma na kioo havitanuki sawa vikipata joto. Juu ya sahani bapa ni taabu. Juu ya kitu cha mviringo kama yai ni taabu maradufu. Chembe moja ya vumbi, sekunde chache za kupitiliza, na ufa unaonekana kwenye tabaka la mwisho baada ya kazi ya majuma. Inabidi kukwangua yote na kuanza upya. Ikisalimika, inang'arishwa kwa saa nyingi kwa gurudumu la mbao na ngozi laini mpaka uso wake uteleze kama sabuni. Nyumba ya Fabergé ilikuwa na rangi zaidi ya 140 za enameli. Dhahabu nayo waliipa rangi: wakiongeza shaba inakuwa nyekundu, wakiongeza fedha inaelekea kijani.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo siwezi kulipita. Mei 1896 Nicholas II alitawazwa Moscow. Kwa ajili ya raia palitayarishwa sherehe kwenye uwanja wa Khodynka, na kila mtu aliahidiwa zawadi: mkate, soseji, vitamutamu na kikombe cha enameli chenye herufi za mfalme. Umati ulikesha hapo. Alfajiri ulivuma uvumi kwamba vikombe havitatosha. Watu walisukumana, wakaangukia kwenye mahandaki ya uwanja ule, wakakanyagana. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa wafu 1,389. Usiku wa siku hiyo mfalme na mkewe walihudhuria dansi kwa balozi wa Ufaransa.

Pasaka iliyofuata, 1897, Alexandra alipewa yai la kukumbuka kutawazwa. Ni la enameli ya manjano ya dhahabu, chini yake miale ya jua, juu yake wavu wa mistari na tai wenye vichwa viwili. Ndani mna kigari cha farasi kisichofika sentimita 10, nakala ya kile kilichomwingiza Alexandra mjini. Magurudumu yanazunguka, milango inafunguka, vingazi vinashuka, madirisha ni ya jiwe linaloona ndani. Fundi George Stein, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikitengeneza kwa miezi 15. Wanahistoria wengi wa sanaa wanalihesabu kati ya mayai mazuri kuliko yote, nami nakubaliana nao. Lakini unga wa kioo ulioyeyuka juu ya dhahabu ile ni ndugu wa ule uliokuwa kwenye vikombe vya Khodynka, na tangu nilipovijua vikombe vile siwezi kulitazama yai hili bila kuviona.

Baridi dirishani

Fabergé mwenyewe alizungumza na jarida moja la Urusi mwaka 1914, akasema bayana kwamba kitu cha ghali hakimvutii ikiwa thamani yake ni wingi wa almasi na lulu zilizobandikwa. Karakana zake zilitumia kwa raha mawe ya Siberia, mbao, hata chuma cha kawaida. Yai moja la mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, lilikuwa la chuma cheusi likisimama juu ya maganda manne ya mizinga.

Yupo mtu mmoja ambaye kazi yake inaeleza hili kuliko maneno. Alma Pihl alizaliwa mwaka 1888 katika ukoo wa mafundi wenye asili ya Ufini. Hakusomea usanifu wa vito. Aliingia karakana ya mjomba wake, Albert Holmström, kuchora kwenye daftari vitu vilivyomalizika ili viwe na kumbukumbu. Akawa anachora na vya kwake pembeni. Siku moja ya baridi kali lilikuja agizo la haraka la tajiri wa mafuta Emanuel Nobel, aliyetaka vipini vya nguo vya kugawa zawadi, vya sura mpya. Alma aliinua macho, akaona dirisha la karakana limegandia barafu: maua ya theluji yaliyojichora yenyewe kwenye kioo. Akachora hayo.

Kutokana na dirisha lile likazaliwa Yai la Majira ya Baridi la mwaka 1913, zawadi ya Nicholas kwa mama yake. Limechongwa kutokana na kristali ya mwambani, jiwe jeupe linaloona ndani, likakwanguliwa kwa ndani na kupambwa kwa nje mpaka likaonekana kama limetoka usiku wa theluji. Limeketi juu ya kipande kingine cha kristali kinachofanana na barafu inayoanza kuyeyuka, matone ya almasi yakitiririka. Ukilifungua, unakuta kikapu cha platinamu kimejaa maua meupe ya porini, yale yanayochipuka Urusi pindi theluji inapoondoka. Nje baridi, ndani masika. Pasaka imesemwa yote bila msalaba wala malaika. Almasi zimo, kwa maelfu, lakini nyingi ni ndogo kama chembe za sukari, kazi yake ni kumetameta kama umande.

Liligharimu ruble 24,600. Alma baada ya mapinduzi ya 1917 alihamia Ufini, akafundisha kuchora katika shule ya mji wa Kuusankoski. Alifariki mwaka 1976.

Mikono iliyoyashika

Uzuri peke yake haungeyafikisha mayai haya hapa yalipo. Lazima tuseme habari ya damu.

Nicholas aliondolewa madarakani Machi 1917. Mayai mawili ya mwaka huo hayakukabidhiwa. Usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, huko Yekaterinburg, yeye, mkewe, watoto wao watano na watumishi wanne waliuawa katika chumba cha chini cha nyumba walimofungwa. Mkuu wa wauaji aliandika baadaye kwamba risasi zilikuwa zikidunda kwenye miili ya mabinti, kwa sababu walikuwa wameshonea almasi na vito ndani ya nguo zao za kifuani. Walivificha kama akiba ya siku watakapotoroka. Vikageuka ngao, vikarefusha mateso yao. Sijui habari nyingine ya vito inayonigusa kuliko hiyo.

Maria, yule mama wa yai la kwanza, alinusurika. Mwaka 1919 aliondoka Crimea kwa manowari ya Uingereza akiwa na yai moja tu, la mwisho alilopewa na mwanawe mwaka 1916. Fabergé naye alikimbia. Nyumba yake ilitaifishwa, akafariki Uswisi Septemba 1920.

Mayai yaliyobaki yalifungwa kwenye masanduku na kupelekwa Kremlin, ngome ya Moscow. Kisha serikali ya Kisovyeti, yenye kiu ya fedha za kigeni ili kununua mitambo, ikaanza kuyauza. Miaka ya 1920 na 1930 hakukuwa na wengi walioyataka: yalionekana mapambo ya utawala uliokufa, ya mtindo uliopitwa. Yai la Majira ya Baridi liliuzwa kwa Wartski kwa pauni 450. Mengine yalichukuliwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, yakauzwa kwa wake wa matajiri wa viwanda, ndiyo maana leo matano yako katika jumba la sanaa la Richmond, Virginia. Kumi yalibaki Kremlin. Malcolm Forbes, mwenye jarida la biashara, alikusanya tisa. Mwaka 2004, kabla ya kupigwa mnada, tajiri wa Urusi Viktor Vekselberg aliyanunua yote kwa mkupuo akayarudisha nyumbani, na tangu 2013 yako katika makumbusho ya St. Petersburg.

Kwa hiyo anayenunua yai leo hanunui kazi ya Perchin au ya Alma Pihl peke yake. Ananunua mkono wa Maria uliolifungua, sanduku la Kremlin, risiti ya London. Wauzaji wa vitu vya kale wana bidii kubwa ya kufuatilia mlolongo huo wa wamiliki, kwa sababu bila huo bei huporomoka. Nao ndio kinga dhidi ya bandia, ambazo ni nyingi mno. Muhuri wa Fabergé umeghushiwa kwa muda mrefu, pamoja na namba 56, kipimo cha Kirusi kinacholingana na dhahabu ya karati 14. Muhuri unaghushiwa kwa dakika chache; barua ya 1885 na daftari la kasri ni vigumu zaidi.

Jina lenyewe lilipita njia nyingine kabisa. Lilichukuliwa Marekani, likabandikwa kwenye manukato, na kwa miongo kadhaa mwanamume aliyesikia Fabergé alifikiria mafuta ya kujipaka baada ya kunyoa, yaitwayo Brut. Baadaye likarudishwa kwenye vito, na mwaka 2013 likawa mali ya kampuni ya uchimbaji ya Gemfields. Hapo ndipo habari hii inapotugusa jirani. Gemfields inachimba zumaridi Zambia, na yakuti nyekundu Montepuez, katika jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Watanzania wengi walivuka kwenda kuchimba na kununua mawe huko, na mwaka 2017 wengi walifukuzwa. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi ya watu waliolalamika kuhusu vipigo na mauaji kuzunguka mgodi, bila kukiri kuwajibika. Mtu anayetazama pete yenye jina la Fabergé kwenye kioo cha duka la London hawezi kujua hayo kwa kuitazama. Nadhani ana haki ya kuambiwa.

Agosti 2025 Gemfields iliiuza nyumba ya Fabergé, jina na biashara yote, kwa dola milioni 50. Miezi minne baadaye, Desemba 2025, Yai la Majira ya Baridi lilipigwa mnada London na Christie's, nyumba ya minada. Likauzwa pauni milioni 22.9, kama dola milioni 30, bei ambayo hakuna kazi ya Fabergé iliyowahi kuifikia mnadani. Jina lote dola milioni 50. Wazo moja la msichana aliyetazama dirisha, dola milioni 30. Sonara akilipima yai lile, mizani yake itataja sehemu ndogo tu ya hapo, na kama ilivyokuwa kwa yule Mmarekani, haitakuwa imekosea.

Katika yale 50, machache hayajulikani yalipo. Mojawapo ni la mwaka 1889, ambalo ndani yake lilikuwa na vifaa 13 vidogo vya urembo wa kike vilivyopambwa kwa almasi. Halikupotelea kwenye mapinduzi. Lilikuwapo London mwaka 1949, likaoneshwa hadharani Wartski, watu wakapita mbele yake pengine bila kujua ni nini. Juni 1952 mtu aliingia dukani humo akalinunua kwa pauni 1,250. Hakutaka kutaja jina, na mwandishi wa daftari, kwenye nafasi ya mnunuzi, aliandika: mgeni.